Somo la Afya kwa Vikundi: Askari wa Mwili na Magonjwa ya Zinaa



Tunajua kwamba vikundi vingi husoma karatasi hii baada ya kukusanya pesa za merigoraundi, na kwamba mara nyingi ni mmoja anayewasomea wengine. Basi msomaji, soma polepole. Mahali tulipoandika SIMAMENI HAPA, weka karatasi chini mzungumze kwanza. Somo hili si refu sana, lakini lina mambo ambayo tumezoea kuyanyamazia.

Somo lilianza kwa swali. Tulikuwa tumetembelea kikundi kimoja cha kina mama, tukamaliza mambo ya mbuzi wa maziwa, tukauliza kama kuna lingine. Kimya. Halafu mama mmoja aliyekaa nyuma akasema bila kuinua macho: "Mtoto akishaugua surua mara moja haugui tena, mwili unajikinga. Sasa haya magonjwa ya huku chini, mtu ametibiwa mara tatu, mbona yanarudi? Askari wa mwili wake wamelala?"

Wengine walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza huyo "mtu" ni nani. Mvua ilikuwa inakuja, kwa hivyo tulimjibu kwa ufupi tukaahidi kulirudia swali lake vizuri. Hapa ndipo tunapotimiza ahadi.

MWILI NI KAMA FEKTRI YA KAHAWA

Sisi watu wa huku tunajua wizi wa kahawa. Wezi huja usiku na lori, asubuhi magunia hayapo. Ndiyo sababu fektri huwekewa ulinzi wa namna tatu. Mwili nao una ulinzi wa namna tatu.

Ulinzi wa kwanza ni ua. Ua wa mwili ni ngozi. Ndani ya mdomo, ukeni, kwenye njia ya mkojo na sehemu ya haja kubwa hakuna ngozi ngumu, kuna utando laini wenye unyevu. Ua huu ni mwembamba, lakini haukuachwa hivi hivi. Ukeni, kwa mfano, wanaishi vijidudu wema wanaotengeneza asidi kidogo, na asidi hiyo huwashinda wadudu wengi wabaya. Mama anayejiosha ndani kwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu akidhani anajisafisha, anawaua walinzi wake mwenyewe. Nje osha kwa maji, ndani pana njia yake ya kujisafisha.

Ulinzi wa pili ni askari wa zamu. Hawa ni chembe nyeupe za damu. Hawaulizi mwizi ni nani wala ametoka wapi. Ua ukipasuka tu, wanakimbilia pale kwa mamia na maelfu, wanapigana na wengi wanafia hapo hapo. Ule usaha mnaouona kwenye jipu ni maiti za askari pamoja na wadudu waliouawa. Joto, uvimbe, wekundu na maumivu ni dalili kwamba vita viko mahali hapo.

Ulinzi wa tatu ni wapelelezi. Hawa wanachelewa kufika. Mara ya kwanza wanahitaji wiki moja au mbili kumchunguza mwizi, kupiga picha yake na kutengeneza silaha inayomfaa yeye peke yake. Silaha hiyo inaitwa kingamwili. Kazi ya kuwafundisha inafanyika kwenye matezi, na ndiyo sababu mtu mwenye kidonda huku chini huvimba mtoki kwenye kinena. Uzuri wa wapelelezi ni kwamba wanaweka faili. Mwizi yule yule akirudi hata baada ya miaka 20, picha yake iko, na safari hii wanamkamata kabla hajafika mbali.

Basi hiyo ndiyo siri ya surua. Mdudu wa surua ana sura moja. Mwili ukishaiweka picha yake, imebaki. Chanjo nayo inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: inawaonyesha wapelelezi picha ya mwizi kabla mwizi mwenyewe hajaja. Watoto wetu wanachanjwa surua wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18 ili faili iwe tayari.

SIMAMENI HAPA. Kila mmoja akumbuke jeraha alilowahi kupata shambani. Lilivimba siku gani? Usaha ulitoka lini? Elezaneni ni askari gani walikuwa kazini.

MBONA BASI KISONONO HURUDI?

Mama yetu alifikiri askari wamelala. La, hawalali. Shida ni kwamba wezi wa magonjwa ya zinaa wameishi na binadamu muda mrefu sana, na kila mmoja amejifunza ujanja wake.

Kisonono ni mwizi anayebadilisha koti. Wapelelezi wanampiga picha akiwa na koti la kijani, kesho amevaa la bluu. Kwa hiyo faili haisaidii. Mtu anaweza kupata kisonono leo, akatibiwa akapona kabisa, na mwezi ujao akakipata tena kama ambaye hajawahi kukiona. Mwanamume kwa kawaida hujua mapema, maana mkojo unamchoma na usaha unatoka. Mwanamke mara nyingi haoni kitu chochote. Anachota maji, anachuma majani chai, anaenda kanisani, naye anaye mdudu.

Klamidia inafanana na kisonono lakini ni ya kimya zaidi. Huyu mwizi anaingia ndani ya chembe za mwili na kujifungia humo, askari wanapita nje hawamwoni. Wakishamgundua wanampiga kwa miezi mingi bila kumtoa. Na hapa kuna jambo la kuhuzunisha. Vita hivyo vinapiganiwa ndani ya mirija ya uzazi, ambayo ni myembamba sana. Ni kama kuchoma ghala ili kumwua panya. Makovu yanabaki na mirija inaziba. Tumewaona kina mama waliofukuzwa makwao kwa kukosa mtoto, wakiitwa tasa, kumbe kilichoanza ni maambukizo aliyoyaleta nyumbani yule yule anayemfukuza. Na mimba nyingine hutungwa kwenye mrija ulioharibika badala ya kwenye tumbo la uzazi. Mrija ukipasuka, mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani.

Kaswende ni mwizi anayejificha darini. Karibu wiki 3 baada ya kuambukizwa kinatokea kidonda kimoja ambacho hakiumi. Kisichouma nani anakishughulikia? Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani asikione kamwe. Baada ya wiki chache kinakauka chenyewe. Ikiwa mtu alikuwa amekunywa dawa ya miti shamba, atasifu ile dawa. Lakini mdudu hajaondoka. Baadaye huja upele, hata kwenye viganja na nyayo, nao unapotea. Kisha ugonjwa unakaa kimya miaka mingi na mwisho unaweza kuharibu moyo na ubongo. Mwili unatengeneza kingamwili nyingi dhidi ya kaswende, na hizo ndizo hospitali inazotafuta kwenye damu, lakini mara nyingi hazitoshi kummaliza mdudu. Kinachommaliza ni sindano ya penisilini, dawa ya zamani ambayo mpaka leo inafanya kazi dhidi ya kaswende. Mama mjamzito mwenye kaswende anaweza kuzaa mtoto mfu au mgonjwa. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito inapima damu. Mama, usiikimbie sindano hiyo, na usingoje mwezi wa nane kuanza kliniki.

Malengelenge ya sehemu za siri ni mpangaji asiyehama. Virusi vyake hukaa kwenye mishipa ya fahamu, mahali ambapo askari hawafiki vizuri, na mwili ukichoka vinatoka nje vikaleta vidonda. Dawa ya kumfukuza kabisa haijapatikana, ila zipo dawa za kupunguza vidonda na maumivu.

HPV ni virusi ambavyo watu wengi sana hukutana navyo. Hapa askari wetu wanastahili sifa, kwa maana kwa watu wengi mwili huvishinda wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Lakini kwa wanawake wachache vinabaki, na baada ya miaka mingi vinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Tangu Oktoba 2019 serikali ya Kenya imekuwa ikiwachanja wasichana kuanzia umri wa miaka 10. Umri huo ulichaguliwa ili wapelelezi wapate picha ya mwizi mapema, kabla hajakaribia nyumba. Wazazi wengine wameogopa kwamba chanjo itawafundisha watoto tabia mbaya. Tunawaambia hivi: chanjo ya surua haikumfundisha mtoto kutafuta surua. Na mama mwenye miaka 25 na zaidi aulize hospitalini juu ya kupimwa mlango wa kizazi, maana dalili zikikaa vizuri kuonekana, mara nyingi muda umepita.

SIMAMENI HAPA. Kati ya wezi hawa, ni yupi anayeweza kukaa ndani ya mtu bila dalili? Mtu akisema "mimi sioni kitu, kwa hivyo sina kitu", mtamjibu nini?

KIDONDA KIDOGO NA MLANGO WA UKIMWI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo.

Rudini kwenye fektri. Ua umekatwa upande wa mtoni. Kamati inafanya nini? Inawahamisha askari wote inaowapata wasimame pale palipokatwa. Hiyo ni busara kwa mwizi wa kahawa. Lakini tuseme kuna adui wa namna nyingine. Huyu kahawa haitaki. Anachotaka ni askari wenyewe. Anamvamia askari, anavaa nguo zake, anaingia kwenye nyumba yake na kuzaa wenzake humo ndani. Adui kama huyo akija usiku ule atapata nini? Atapata ua uliopasuka, na pale pale kwenye tundu atawakuta askari wote wamekusanyika wakimngoja.

Adui huyo ni virusi vya Ukimwi. Vinashambulia hasa chembe ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kama ya sajini: kuwaamrisha askari wengine. Mtu mwenye kidonda, kisonono au uchafu ukeni amewakusanya masajini wake mahali hasa virusi vinapopita. Kwa hiyo ugonjwa mdogo wa zinaa ambao mtu anauficha kwa aibu unaweza kufungua mlango kwa ule mkubwa.

Na mlango huo unafunguka pande zote mbili. Mtu ambaye tayari ana virusi na hatumii dawa, akipata kisonono, virusi huongezeka kwenye majimaji yake. Kule Malawi, utafiti uliotolewa mwaka 1997 uliwapima wanaume wenye virusi. Wale waliokuwa na ugonjwa wa njia ya mkojo walikuwa na virusi mara 8 zaidi ndani ya shahawa. Walipotibiwa, kiwango kilishuka.

Sisi Wakenya tulikuwa kati ya wa kwanza kulijua jambo hili. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Miaka hiyo hiyo ya 80, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakiwatibu wanawake wa mtaa wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakiuza miili yao ili kuishi. Waliona kwamba wenye vidonda vya zinaa, hasa pangusa, waliambukizwa virusi kwa urahisi zaidi. Wanawake hao maskini walitoa damu yao ili dunia ijifunze. Tusiwataje kwa dharau.

Majengo palionekana pia jambo la ajabu. Wanawake wachache walikaa miaka mingi katika kazi ile bila kuambukizwa, na damu yao ilipochunguzwa ilionekana ina askari wanaovitambua virusi. Kuna watu walisikia habari hiyo wakaanza kusema, "Mimi damu yangu ni kali, hainishiki." Ndugu, sikiliza mwisho wa habari. Baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, hata baada ya kupumzika kazi hiyo kwa muda. Hakuna mtu anayeweza kujitazama kwenye kioo akajua damu yake ni ya namna gani.

Majirani zetu wa Tanzania wakajaribu jambo la busara. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, vilichaguliwa vituo vya afya vya kawaida vya vijijini. Wahudumu walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri, dawa zikaletwa bila kukatika, na wananchi wakahimizwa waje mapema. Walipolinganishwa na sehemu ambazo hazikupata mpango huo, maambukizo mapya ya Ukimwi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Haikuhitaji mashine kubwa. Ilihitaji muuguzi aliyefundishwa, dawa kwenye kabati, na mtu asiyeona haya kuja.

Lazima tuseme ukweli wote. Kule Rakai, Uganda, walijaribu njia nyingine ya kuwapa watu wote dawa kwa pamoja kila baada ya miezi 10. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba maambukizo ya Ukimwi hayakupungua. Virusi vilikuwa vimeshaenea sana huko, na mgonjwa hangoji miezi 10 ndipo augue. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, "Nimetibiwa kisonono, sasa Ukimwi hautanipata." Kuziba tundu moja la ua hakumzuii mwizi anayefunguliwa lango.

Jambo jingine tunalosikia sana huku kwetu ni hili: "Sisi tumetahiriwa." Ni kweli kwamba tohara inasaidia. Chini ya govi kuna chembe nyingi ambazo virusi hushika, na utafiti wa Kisumu uliomalizika mwaka 2006 ulionyesha kwamba tohara ilipunguza maambukizo kwa wanaume kwa takriban nusu. Lakini nusu si yote. Wanaume wengi wa Nyeri waliozikwa kwa ugonjwa huu walikuwa wametahiriwa.

ASKARI WAKIVAMIWA, JE?

Virusi vikiingia, wiki 2 hadi 4 za kwanza mtu anaweza kupata homa na uchovu kama wa mafua, kisha anapona. Wakati huo virusi ni vingi mno mwilini na mtu anaambukiza kwa urahisi, hali kipimo kinaweza kuonyesha hana. Sababu mmeshaijua: vipimo vingi hutafuta kingamwili, na wapelelezi huchelewa. Kwa hivyo anayejua alikuwa hatarini arudie kupima baada ya miezi 3.

Bila dawa, vita huendelea kimya kwa miaka. Mtu mzima mwenye afya ana chembe za CD4 kama 500 hadi 1,500 katika tone dogo la damu. Zikishuka chini ya 200, hata wezi wadogo waliokuwa wakiogopa lango wanaingia: kifua kikuu, ukungu wa mdomoni, kuhara kusikokwisha. Wenye umri wetu mnakumbuka. Mwaka 1999 Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, tulikuwa tumekwisha kuchoka kuchanga pesa za majeneza.

Leo si hivyo tena. Dawa za ARV haziwaui virusi wote, lakini zinawafunga wasizae, na askari wanarudi kazini. Tangu 2016 mwongozo wa Kenya ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Mama mwenye virusi anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha, na mtoto akawa salama. Na aliyebakwa, au aliyekuwa hatarini jana usiku, afike hospitali ndani ya saa 72 apewe dawa ya kuzuia. Saa 72 ni siku 3. Zikipita, dawa hiyo haimsaidii tena.

TUFANYE NINI SISI WANAKIKUNDI?

1. Tibiwa mapema, na mahali panapofaa. Usaha, kidonda, uchafu wenye harufu au rangi, maumivu chini ya tumbo, mkojo unaochoma: nenda zahanati au hospitali. Usinunue vidonge vinne kwa kemisti siku ya soko. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi za zamani, na dawa nusu humfundisha mdudu kuishinda dawa nzima.

2. Maliza dawa yote, na usigawane. Tumewakuta wenye ndoa wakigawana vidonge vya mtu mmoja, nusu mama na nusu baba, ili kuokoa pesa. Hapo hakuna aliyepona. Wote wawili wamepoteza pesa.

3. Tibiweni wote wawili kwa pamoja. Hili ndilo jibu la mama yetu. Ugonjwa wake haukuwa ukirudi kwa sababu askari wamelala. Alikuwa akitibiwa peke yake na kurudi kwa mwenzake ambaye hajatibiwa. Mpaka wote wamalize dawa, ngojeni kukutana kimwili kwa muda ambao daktari amewaambia.

4. Jifunzeni namna ya kusema. Maneno ya hasira huziba masikio. Mama mmoja alituambia alingoja mumewe amalize kula, akasema, "Baba Wambui, daktari amesema dawa hii haifanyi kazi kwa mtu mmoja. Amesema twende wote Alhamisi." Hakumshtaki. Lakini kama unaogopa kupigwa, usianze nyumbani. Mwambie muuguzi kwanza, atapanga njia.

5. Pimeni Ukimwi na kaswende pamoja. Anayetibiwa ugonjwa wowote wa zinaa aombe na vipimo hivi. Mlango ukishafunguliwa, angalia aliyeingia.

6. Juu ya kinga, Kanisa letu linafundisha uaminifu katika ndoa na kujizuia nje yake, na anayeishika njia hiyo pamoja na mwenzake amejiwekea ua imara. Lakini uaminifu wa mmoja haumlindi kama wa pili si mwaminifu. Wahudumu wa afya watawaeleza njia zote za kujikinga, kondomu pamoja na vidonge vya kuzuia virusi kwa aliye hatarini. Waulizeni bila kuogopa. Hatutaki mtu yeyote wa kikundi chetu afe kwa sababu hakuambiwa.

7. Lisheni askari. Mboga za majani, maharagwe, mayai, usingizi na kupunguza pombe huusaidia mwili. Lakini hakuna supu wala mzizi unaoweza kufanya kazi ya penisilini au ya ARV.

ZOEZI LA KIKUNDI

Choreni duara kubwa kwenye udongo. Huo ni ua. Watu 8 wasimame ndani wametawanyika, hao ni askari. Mmoja afute sehemu ya mstari kwa mguu: hicho ni kidonda. Askari wote wakimbilie pale. Sasa mtu mwingine aliye nje, virusi, ajaribu kumgusa askari akisimama penye tundu bila kuingia. Amegusa wangapi? Kisha chora ua upya, askari warudi mahali pao, ajaribu tena. Hesabuni tofauti. Tumeona wazee wasiojua kusoma wakilielewa somo lote kwa zoezi hili moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini surua humpata mtu mara moja, lakini kisonono mara nyingi?
2. Ni mambo gani hapa kijijini yanayowafanya watu wafiche magonjwa haya? Ni ya wanawake, ya wanaume, au yetu sote?
3. Wanaume wetu wanaofanya kazi Nanyuki, Nairobi au njiani na malori hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kikundi kinaweza kuwasaidiaje wao na wake zao?
4. Je, kikundi kinaweza kutenga pesa kidogo za nauli na dawa, mtu azipate kwa mweka hazina bila kueleza ni za ugonjwa gani?

Kikundi kimoja kilishalijibu swali hilo la 4. Ni kile cha mama yetu aliyeuliza bila kuinua macho. Wanaweka shilingi chache kila mkutano kwenye kopo, na mweka hazina ameapa kutouliza. Mama mwenyewe alienda hospitali na mumewe, wakatibiwa pamoja, wakapimwa pamoja. Majibu ya vipimo ni yao, hatukuyauliza. Tulipokutana naye tena alituambia neno moja tu, kwamba safari hii haujarudi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Wapendwa, askari wa mwili wanafanya kazi yao usiku na mchana. Wasipoelezwa mwizi amepitia wapi, si kosa lao. Tusiwaache wapigane peke yao kwa sababu ya aibu yetu.

Toleo lijalo tutazungumza juu ya kifua kikuu na nyumba zisizo na madirisha. Tuleteeni maswali yenu kupitia kwa mwenyekiti wa kikundi. Mkitaka, msiandike jina.